Nani Humlisha Kunguru? Shamba la Wanyama na Swali la Tumaini Lisomwapo Kutoka Mubambiro

Riwaya fupi ya George Orwell inayojulikana kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, iliyotolewa London tarehe 17 Agosti 1945 na kutafsiriwa na Fortunatus Kawegere kwa shirika la East African Publishing House la Nairobi mwaka 1967, ni miongoni mwa vitabu vichache vya ugenini ambavyo wasomaji wa Afrika Mashariki na Kati huvijadili kana kwamba viliandikwa kuwahusu wao wenyewe. Ni riwaya ya tashtiti, yaani maandishi yanayoushambulia uovu kwa kuufanya uchekeshe, na papo hapo ni istiari ndefu, kwa maana kwamba kila mnyama na kila tukio husimama badala ya mtu au jambo lililo nje ya hadithi. Sifa hii ya pili ndiyo iliyotawala maoni ya wasomaji tangu mwanzo. T. S. Eliot, mshairi ambaye mwaka 1944 alikuwa mkurugenzi katika kampuni ya uchapishaji ya Faber, aliukataa mswada huo akitoa hoja kwamba nguruwe, wakiwa ndio wenye akili kuwashinda wanyama wengine, walistahili kuliendesha shamba, na kwamba kilichokosekana ni nguruwe wenye kujali zaidi maslahi ya wote. Nchini Kenya mchezo wa jukwaani uliotokana na riwaya hii ulipigwa marufuku mwaka 1991, na huko Harare gazeti la Daily News lilipoichapisha kwa sehemu mwaka 2001, nguruwe Napoleon alichorwa akiwa na miwani iliyofanana na ya Rais Robert Mugabe, na hapakuwa na msomaji aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Usomaji wa namna hiyo, ambao hapa utaitwa usomaji wa kutaja majina, una raha yake na una haki yake, lakini una kasoro moja kubwa: pindi Napoleon anapokwisha kupewa jina la mtawala fulani, na mbwa wake tisa jina la kikosi fulani cha ulinzi, msomaji hufunga kitabu akiwa ametulia, kwa kuwa uovu umepata mwenyewe na mwenyewe huyo si yeye. Tena usomaji huo humpita mbio kiumbe mmoja ambaye hana cheo wala kazi shambani, naye ni Moses, kunguru wa kufugwa aliyepewa jina la nabii, anayewahadithia wanyama habari za nchi iliyo ng'ambo ya mawingu ambako Jumapili haiishi, majani mabichi hayakauki na sukari huota kwenye ua. Katika orodha za mashuleni kunguru huyu hupewa maneno matatu tu, kwamba anawakilisha dini, kisha mwalimu huendelea na kinu cha upepo wanachokijenga wanyama. Hata hivyo, kitabu kikisomwa kutoka mahali ambapo watu wameona wakombozi wengi wakija na kuondoka na ambapo nyimbo za ibada ndizo sauti ya mwisho kusikika usiku, kunguru husogea kutoka pembeni hadi katikati, na swali analolibeba huwa ndilo swali la kitabu kizima: je, tumaini la mbinguni humtumikia mnyonge au humtumikia anayemnyonga?

Mubambiro ni mahali pa namna hiyo. Pako jirani na Sake, katika teritwari ya Masisi, mkoa wa Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara itokayo Goma kuelekea magharibi, umbali usiofika kilomita 30 kutoka mjini. Hapo Sake njia hugawanyika, moja ikipanda milima kwenda Masisi na kuendelea hadi Walikale, nyingine ikifuata Ziwa Kivu kwenda Minova na Bukavu, na kwa sababu hiyo kila jeshi linaloitaka Goma au linaloilinda Goma hulazimika kupafikiria. Mubambiro imepata kuwa na kambi ya jeshi la taifa, vituo vya walinda amani wa Umoja wa Mataifa na vya askari wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, na kambi za wakimbizi wa ndani, yaani watu waliokimbia makwao bila kuvuka mpaka wa nchi yao. Mwezi Januari 2025 Sake, na baada yake Goma, ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mwezi uliofuata watu waliokuwa katika kambi za eneo hilo waliamriwa kuondoka warudi walikotoka, hata kama walikotoka hapakuwa tena na nyumba.

Msomaji wa mahali hapo hana haja ya kufafanuliwa maana ya kazi ya Jumapili ambayo ni ya hiari lakini asiyeifanya hupunguziwa chakula, kwa kuwa anaijua salongo, kazi ya umma ya lazima iliyoenea Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika miaka ya 1970 chini ya Mobutu Sese Seko na ambayo watawala wa baadaye, wenye bendera na wasio nayo, hawakuona sababu ya kuiacha. Anazijua bariere za barabarani ambako mwenye mzigo wa makala au maharage hulipa ndipo apite. Ameisikia pia lala salama, kodi ambayo makundi yenye silaha yamekuwa yakiitoza vijijini ili watu walale bila kushambuliwa, na kwa kawaida anayelipwa ndiye huyo huyo ambaye angeshambulia. Wala hahitaji kukumbushwa jinsi maneno mema yanavyopanda ukutani kabla ya kubadilishwa usiku, maana harakati zilizopita katika njia hiyo tangu mwaka 1996 zote zilibeba ahadi ndani ya majina yao: AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilijitangaza kuwa ni ya ukombozi, RCD ya mwaka 1998 ilikuwa ya demokrasia, CNDP ya Laurent Nkunda ilikuwa ya kuwatetea wananchi, na wanaopigana upande wa pili siku hizi huitwa Wazalendo. Zaidi ya hayo, Masisi ni nchi ya ranchi, ng'ombe na jibini, nchi ambayo sheria ya ardhi ya mwaka 1973 na utaifishaji uliotangazwa tarehe 30 Novemba mwaka huohuo vilisaidia kuyahamisha malisho makubwa kutoka mikononi mwa walowezi hadi mikononi mwa watu waliokuwa karibu na ikulu. Kwa hiyo habari ya wanyama wanaofanya kazi huku wengine wakihamia katika nyumba ya bwana haisomwi pale kama ngano tupu.

Wasomaji waliofanana na hao walikuwepo mapema sana katika maisha ya kitabu hiki. Mwaka 1946 kijana msomi, Ihor Shevchenko, alikuwa akiwatafsiria kwa sauti Waukraine waliokuwa uhamishoni katika kambi za Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na aliporipoti kwa Orwell alieleza kwamba watu hao waliguswa mno na tukio la wanyama kuimba wimbo wao wa ukombozi juu ya kilima. Tafsiri yake ilichapwa mwaka 1947 ikiwa na dibaji ya Orwell mwenyewe, ingawa nakala nyingi zilikamatwa na wakuu wa jeshi la Marekani na kukabidhiwa kwa Wasovieti. Kinachostahili kuangaliwa hapa ni mahali ambapo machozi yalidondoka. Wasomaji wa London walicheka walipowaona nguruwe wakilala vitandani, wahakiki walisifu ufupi wa lugha, lakini watu wa kambini walishikwa na wimbo, tena wimbo unaoimbwa katika saa mbaya kuliko zote, wakati ambapo wanyama wametoka kuwaona wenzao wakiraruliwa na mbwa baada ya kukiri makosa ambayo hawakuyatenda. Dakika chache baadaye anafika Squealer, msemaji wa nguruwe, kutangaza kwamba wimbo huo umefutwa kwa sababu Mapinduzi yamekamilika na hakuna tena kinachotamaniwa.

Mpangilio wa matukio baada ya hapo ndio ufunguo wa fikra ya Orwell kuhusu dini, na ni ajabu kwamba wasomaji wengi hawausemi. Kabla ya Mapinduzi, yaani kabla wanyama hawajamfukuza Bwana Jones, mwenye shamba, Moses alikuwa kipenzi chake, mla mkate uliolowekwa katika bia, mpelelezi na mchongezi, na nguruwe walilazimika kufanya kazi kubwa kuwashawishi wenzao kwamba nchi ya sukari haipo. Bwana alipofukuzwa kunguru naye alipotea. Kwa miaka kadhaa shamba liliishi kwa tumaini la aina nyingine, lile la Mzee Major, nguruwe mkongwe aliyeota ndoto ya siku ambayo mijeledi ingenyamaza, na tumaini hilo nalo lilikuwa na dalili zote za dini: lilikuwa na nabii, ndoto, wimbo, amri saba, na hata fuvu la marehemu lililowekwa chini ya mlingoti wa bendera ili wanyama walipite kwa heshima. Katika sura ya saba wimbo unafutwa. Katika sura ya tisa kunguru anarudi, hajabadilika hata kidogo, na nguruwe, ambao bado wanatangaza kwa dharau kwamba hadithi zake ni uongo mtupu, wanamruhusu kukaa bila kufanya kazi na kumgawia bia kila siku, robo ya painti, kiasi kisichofika desilita moja na nusu.

Yaani tumaini la duniani lilipigwa marufuku kwanza, kisha tumaini la mbinguni likaruhusiwa. Tena bia hiyo ina asili yake. Hapo mwanzo wanyama walikuwa wametengewa kipande cha malisho karibu na bustani ya matunda, ambako wazee wangepumzika baada ya umri wa kazi kwisha, na Boxer, farasi aliyelibeba shamba zima mabegani, alikuwa akiihesabu miaka iliyobaki afike hapo. Kipande hicho kililimwa. Ikasemwa kwamba majani yamechoka na yanahitaji kupandwa upya, lakini muda si mrefu ikajulikana kuwa Napoleon anataka kupanda shayiri, na kutokana na shayiri ikapatikana bia. Kwa maneno mengine, kinywaji anachopewa mhubiri wa pumziko la mbinguni kimetengenezwa kutokana na uwanja ulioibwa wa pumziko la duniani. Orwell haweki tukio hili mbele ya msomaji kwa kidole. Ameliacha litawanyike katika sura mbili, na huenda ndiyo sababu limepita bila kuonwa. Hata hivyo hakuna ukurasa mkali zaidi uliowahi kuandikwa katika riwaya ya tashtiti kuhusu biashara inayoweza kufanyika kati ya mtawala na mhubiri, kwa kuwa hauishii kusema kwamba dini hulewesha, bali unaonyesha kileo hicho kimelimwa wapi na ni nani aliyenyang'anywa shamba.

Hapa ni lazima kumtendea haki Orwell, kwa sababu wasomaji waumini wamekuwa wepesi kumwona kama mdhihaki tu. Anapoeleza kwa nini wanyama wengi walimwamini kunguru, hawacheki. Anasema kwamba walitafakari wakaona maisha yao ni ya njaa na taabu, na wakajiuliza kama si haki na si sawa kwamba ulimwengu ulio bora uwepo mahali pengine. Hoja ya namna hiyo si ya wajinga. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika uhakiki wake wa akili ya kimatendo wa mwaka 1788, alifikia karibu mahali hapohapo aliposhikilia kwamba maisha ya baadaye hayawezi kuthibitishwa kwa akili, lakini mtu anayeshika wajibu hana budi kuyachukulia kuwa ya kweli, kwa kuwa wema na furaha vinapaswa kukutana na ni wazi kwamba katika dunia hii havikutani. Wazo la aina hiyo, lisilothibitishwa wala kukanushwa ila linalodaiwa na uadilifu wenyewe, huitwa katika falsafa postulati. Farasi na kondoo wa Orwell wameigundua postulati wakiwa na matumbo matupu, na ugunduzi wao ni shtaka dhidi ya nguruwe hata kama wao wenyewe hawajui kwamba wameshtaki: anayesema kwamba lazima pawepo mahali pengine penye haki amekwisha kusema kwamba hapa haki haipo.

Karl Marx naye aliliona jambo hilo, ingawa wanaomnukuu hukatiza maneno yake. Katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1844, kabla ya kufika kwenye mfano wake maarufu wa kasumba, aliieleza dini kuwa ni uchungu wa kiumbe aliyeonewa na wakati huohuo ni malalamiko dhidi ya uonevu huo. Orwell alikuwa mmoja wa wachache waliosisitiza, katika makala ya mwaka 1940, kwamba sehemu hiyo ya kwanza isisahauliwe. Mwaka 1944, alipokuwa amemaliza mswada wa riwaya yake, aliandika katika gazeti la Tribune kwamba kupotea kwa imani ya uzima wa milele ni tatizo kubwa ambalo wanamapinduzi hawajalitazama usoni, kwa kuwa mtu asiyetazamia hukumu baada ya kifo anahitaji sababu nyingine ya kutofautisha mema na mabaya. Hakuwa muumini, na hakutaka mbingu zirudishwe. Lakini alijua kwamba zilipoondoka ziliacha pengo, na kwamba pengo hilo Napoleon angelijaza kwa picha yake mwenyewe.

Karibu majira yale yale ambapo Orwell alikuwa akikamilisha habari za kunguru wake, mwanzoni mwa mwaka 1944, katika nchi iliyo kati ya Masisi na Lubutu yalizuka maasi ambayo yanampa kunguru huyo jibu. Vita vya Ulaya vilikuwa vimeongeza uzito wa utawala wa Kibelgiji: siku za kazi ya lazima mashambani zilikuwa zimeongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu walirudishwa msituni kutafuta mpira. Waliosimama walikuwa wafuasi wa Kitawala, harakati ya kidini ya Kiafrika iliyochipuka kutokana na mafundisho ya Mnara wa Mlinzi yaliyoingia Kongo kutoka kusini, yenye kuhubiri kwamba falme za dunia zimefika mwisho na kwamba Ufalme wa Mungu hautambui bwana mweupe wala mtumwa mweusi. Kiongozi wao, Bushiri Lungundu, alijitambulisha kuwa ameshika nafasi ya Yesu. Maasi yalizimwa kwa nguvu na Force Publique, jeshi la koloni, na utawala uliendelea kuwahamishia wafuasi wa Kitawala katika makambi ya mbali.

Mbingu za Bushiri zilikuwa mbingu zilezile za Moses kwa mwonekano, yaani nchi isiyo na mjeledi, lakini zilifanya kazi iliyo kinyume kabisa, kwa sababu zilikuwa na tarehe na zilikuwa na hukumu. Zilisema kwamba anayekuamuru leo atasimamishwa kizimbani kesho, na kesho hiyo si baada ya kufa kwako. Utawala ulielewa tofauti hiyo vizuri kuliko wanafalsafa. Tangu mkataba wa mwaka 1906 kati ya Dola Huru la Kongo na Kiti Kitakatifu cha Roma, misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, na baadaye ruzuku za shule, zikawa mguu mmoja wa meza ya ukoloni pamoja na serikali na makampuni. Kitawala nayo ilipigwa marufuku na kusakwa kijiji kwa kijiji. Kunguru wa kwanza alilishwa na wa pili alitegewa mtego, ingawa wote wawili walikuwa wakisoma Biblia ileile. Si haki, bila shaka, kuwajumuisha wamisionari wote katika hesabu hiyo, maana wapo waliofundisha kusoma, na kusoma ni silaha ambayo wanyama wengi wa Orwell waliikosa. Lakini mpango wenyewe, ukiutazama kama mpango, ni ule wa robo ya painti.

Ni lazima kukiri pia kwamba tumaini lenye tarehe lina hatari yake. Mtu anayeshika nafasi ya Yesu ni vigumu kumuuliza swali, na siku iliyotajwa ikipita bila Ufalme kuja, wafuasi hubaki na njia mbili tu, kuvunjika moyo au kumtafuta msaliti, ambaye kwa kawaida hupatikana upesi. Snowball, nguruwe aliyefukuzwa na kusingiziwa kila kinu kinachoanguka, ni kiumbe wa dini ya namna hiyo. Msomaji wa Kivu, ambaye ameona watu wakiitwa wageni au wasaliti kila mavuno yanapokosekana, na ambaye anajua kwamba mauaji yaliyoenea Masisi mwaka 1993 yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, tarehe 20 Machi, atasita kuisifu hukumu ya duniani kwa wepesi.

Mobutu alijaribu njia ya tatu. Mwaka 1967, mwaka uleule ambao tafsiri ya Kawegere ilitoka Nairobi na Azimio la Arusha lilitangazwa Tanzania, alianzisha chama cha MPR kwa ilani iliyoandikwa N'Sele, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 chama hicho kilikuwa kimekuwa kanisa: majina ya ubatizo ya Kikristo yalikatazwa mwaka 1972, Krismasi iliondolewa katika sikukuu za taifa mwaka 1974, nyimbo na ngoma za animasio, yaani za kukisifu chama na rais, zilichukua nafasi ya tenzi, na kila jioni taarifa ya habari ya televisheni ilifunguliwa kwa sura ya rais ikishuka kutoka mawinguni. Dola halikutaka tena kumlisha kunguru. Lilitaka kuwa kunguru lenyewe. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipopinga, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa mwaka 1972. Jaribio hilo halikudumu, na tarehe 16 Februari 1992 waumini wa Kinshasa waliandamana wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa umesimamishwa ufunguliwe tena, wakapigwa risasi. Miaka minne baadaye, tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyekuwa amekemea hadharani unyanyasaji wa askari wa Zaire na vilevile vita vilivyokuwa vikivuka mpaka, aliuawa katika mji wake. Katika riwaya ya Orwell hakuna kiumbe wa namna yake. Hakuna kunguru anayeambiwa achukue bia akakataa, na kukosekana huko ni upungufu wa kweli wa kitabu, kwa kuwa mwandishi aliyekuwa amejichagulia upande katika Uhispania ya mwaka 1937, ambako aliliona kanisa kubwa likisimama na majenerali, hakuwa na mfano mwingine karibu naye.

Mtu anaweza kudhani, basi, kwamba kipimo kimepatikana, na kwamba inatosha kuuliza nani humlisha kunguru. Kivu ya leo haikubali kipimo chepesi hivyo. Makanisa ya uamsho yaliyojaa Goma na katika vitongoji vyake hayalishwi na serikali. Hulishwa na zaka za watu walio maskini kuliko mhubiri, wanaoahidiwa nyumba, visa na uponyaji, na Orwell hakuwahi kufikiria kunguru anayelipwa na shomoro. Kwa upande mwingine, misa inayoadhimishwa na padri anayetegemea msaada wa jimbo lililo mbali inaweza kuwa ndiyo mahali pekee ambapo majina ya waliouawa hutajwa kwa sauti. Kwa hiyo mlipaji ni dalili, lakini si hukumu. Jambo la kutazamwa zaidi ni kile ambacho tumaini linafanya na uovu uliopo: kama linautaja au linaufunika, kama linamwambia mama aliyepoteza mtoto barabarani kati ya Sake na Minova kwamba alitendewa dhulma na kwamba dhulma hiyo ina mtendaji, au linamwambia kwamba yote ni mapenzi ya Mungu na asipoteze muda kuuliza.

Kä Mana, mwanafalsafa na mwanateolojia Mkongomani aliyefanya kazi Goma katika taasisi ya Pole Institute hadi kifo chake mwaka 2021, aliijengea fikra hiyo jina la teolojia ya ujenzi mpya. Katika maandishi yake, tangu kitabu chake cha mwaka 1991 kilichouliza kama Afrika itakufa, alidai kwamba maradhi ya bara yamo katika namna watu wake wanavyojiwazia, na kwamba imani ya Kikristo haina budi kupimwa kwa uwezo wake wa kuijenga jamii upya badala ya kuwafariji walioanguka tu. Dai hilo ni zito, na yapo ya kulijibu. Mtu aliyelala chini ya turubai juu ya mawe ya volkano, aliyehama mara tatu na kuamriwa kuhama mara ya nne, anaweza kusema kwamba faraja si kitu kidogo, na kwamba ni rahisi kumdai ajenge wakati anayemdai ana paa. Wanyama wa Orwell hawakumsikiliza Moses kwa sababu walikuwa wavivu. Walimsikiliza jioni, baada ya kazi. Lawama ikimwangukia msikilizaji kabla ya kumwangukia aliyelima malisho yake, tashtiti imegeuzwa kichwa chini na sasa inamtumikia Napoleon.

Kuna msomaji mmoja ambaye hoja hizi zote humwacha bila wasiwasi, naye ni yule anayejiona katika Benjamin, punda mzee asiyemwamini Major wala Moses. Kwa wasomi ndiye mnyama anayependwa kuliko wote, na si vigumu kuona sababu, kwa kuwa anajua kusoma sawasawa na nguruwe yeyote na hadanganyiki. Ndiye pia mnyama mwenye teolojia fupi kupita zote: anasema kwamba Mungu alimpa mkia wa kufukuzia inzi, lakini angependelea kukosa mkia na inzi wasiwepo. Mzaha huo una ukweli ndani yake, maana ni malalamiko ya kale ya Ayubu yaliyopunguzwa hadi yakatosha mdomoni mwa punda. Lakini Ayubu aliyasema mbele ya marafiki na mbele ya Mungu, akadai kujibiwa, ilhali Benjamin huyasema kisha akanyamaza. Anaziona amri zikibadilika ukutani na hazisomi kwa wenzake, kwa kuwa anaamini hakuna kinachostahili kusomwa. Siku gari la mchinja farasi linapokuja kumchukua Boxer, rafiki yake wa pekee, ndipo anapopiga kelele na kuyasoma maandishi yaliyo ubavuni mwa gari, na papo hapo farasi wanaanza kulivuta. Shambani humo Moses alizungumza kila siku bila kujua lolote, na Benjamin alijua yote miaka mingi bila kuzungumza, na Orwell hakumpa hata mmoja wao nafasi ya kumsikia mwenzake.